Reli ya Furka Haishindani na Baridi, na Hilo Ndilo Lisiloeleweka

Kila mwaka theluji inapoikaribia Milima ya Alps ya Uswisi, picha za video za aina ileile huanza kuzunguka kwenye simu za watu. Kikosi kidogo, wazee kwa vijana, kimesimama ukingoni mwa bonde jembamba kikilikunja daraja la reli kama mtu akunjavyo mkeka baada ya wageni kuondoka. Daraja hilo ni la Steffenbach, kwenye reli ya mvuke inayovuka mlima wa Furka, lina urefu wa mita 36, na wanaolikunja hawalipwi mshahara kwa kazi hiyo. Wanaoitazama video hugawanyika makundi mawili. Mpwa wangu, aliyenitumia kwa maneno mawili tu, “Wana muda,” ni wa kundi la kwanza, lile linaloona mchezo wa watu walioshiba. Mhandisi mmoja mstaafu ninayemheshimu sana ni wa kundi la pili: yeye aliituma akisema kwamba huu ndio ushahidi kuwa wananchi wakiamua wanaweza kuendesha reli bila kuisubiri serikali.

Dai la makala hii ni kwamba wote wawili wameitazama video ileile na kukosa jambo lilelile. Reli ya mvuke ya Furka imedumu mikononi mwa watu wanaojitolea kwa sababu imeruhusiwa kusimama wakati wa baridi, nayo imeruhusiwa kusimama kwa sababu chini yake ipo njia nyingine, iliyochimbwa kwa fedha za umma, inayombeba abiria wa kila siku theluji ikinyesha au isinyeshe. Anayeona mchezo haoni kwamba baridi ndiyo msimu mkubwa wa kazi wa reli hiyo, na anayeona ushindi wa wananchi dhidi ya serikali haoni handaki.

Reli hii ilianza kujengwa mwaka 1911 ili kuunganisha Brig, katika bonde la mto Rhône, na Disentis, katika bonde la Rhine. Upana wake ni mita moja, sawa na ule wa reli ya zamani ya kutoka Mombasa hadi Kampala na ya kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma, ila penye mwinuko mkali huongezewa katikati chuma chenye meno, ambacho gurudumu maalumu la kichwa cha treni hukishika ili treni isirudi kinyumenyume. Treni zilifika Gletsch, upande wa Rhône kabla ya kilele, mwaka 1914, kisha Vita vya Kwanza vya Dunia vikaisimamisha kazi, kampuni ikafilisika mwaka 1923, na ni mwaka 1926, chini ya kampuni mpya ya Furka-Oberalp, ndipo njia nzima ilipofunguliwa. Miaka 100 inatimia Julai 2026. Bonde la Steffenbach lilikuwa limekwisha kutoa onyo mapema, kwani daraja la mawe lililojengwa hapo mwanzoni lilisombwa na poromoko la theluji. Mwaka 1925 wahandisi waliweka daraja la chuma la vipande vitatu linaloweza kuondolewa njiani kila mwisho wa msimu na kurudishwa theluji ikiyeyuka. Kwa miaka zaidi ya 50 kazi hiyo ilifanywa na wafanyakazi wa kulipwa, na baada ya njia kuwekewa umeme mapema katika miaka ya 1940 waliongezewa mzigo wa kuzishusha hata nyaya za juu kila mwaka, kwa sababu theluji ya kule haichagui kati ya nguzo na daraja. Treni maarufu ya Glacier Express, iliyopewa jina kutokana na barafu ya mto Rhône iliyoonekana dirishani, ilikuwa basi treni ya kiangazi tu. Kuanzia Oktoba hadi Juni mlima ulifungwa.

Hali hiyo ilikoma mwaka 1982, lilipofunguliwa handaki la chini la Furka lenye urefu wa kilomita 15.4 kati ya Oberwald, upande wa magharibi wa mlima, na Realp, upande wa mashariki. Handaki hilo halikupendwa lilipokuwa likichimbwa. Gharama zake zilipita makadirio ya awali zaidi ya mara tatu, likawa kashfa ya kisiasa, na wapinzani wakalibandika jina la kejeli la shimo la Furka. Leo wakati wa baridi, barabara ya juu inapofungwa, hata magari hupakiwa kwenye treni na kupitishwa humo, na sijui mkazi wa Oberwald ambaye angekubali shimo hilo lizibwe. Njia ya juu ilifungwa mwaka 1981 na ilikuwa ing'olewe. Mwaka 1983 wapenzi wa reli waliunda chama cha kuiokoa, baadaye ikaongezwa kampuni ya hisa ya kuiendesha na wakfu wa kuichangia, na sehemu ya kwanza, Realp hadi Tiefenbach, ikafunguliwa tena mwaka 1992. Walifika kilele cha Furka mwaka 1993, wakashuka hadi Gletsch mwaka 2000, na Oberwald wakafika mwaka 2010. Ni kilomita 18 hivi zilizochukua miaka 27, mwendo ambao mkandarasi yeyote angefutiwa mkataba.

Kwa nini muda wote huo? Jibu liko katika kile ambacho video haionyeshi. Treni hukimbia kuanzia mwishoni mwa Juni hadi kuelekea Oktoba, yaani miezi mitatu na ushei, na miezi mingine yote ni ya kuifungua reli, kuilinda, kuikarabati na kuifunga tena. Tuchukue kichwa kimoja cha treni cha mvuke siku ya mwisho ya msimu. Moto ukishazimwa, boila haiachwi na maji yake, kwa kuwa maji yakiganda huvimba, na kikombe kimoja kilichosahauliwa kwenye bomba la shaba kinatosha kulipasua. Kwa hiyo boila humwagwa yote, pampu za mvuke hufunguliwa, valvu huachwa wazi, na kila kona ya bomba ambako maji hupenda kujificha hufuatwa kwa zamu na watu wawili, mmoja akifungua na mwingine akihakikisha. Kisha vizibo vya kuoshea hutolewa, magamba ya chokaa yanachokonolewa na kusukumwa nje kwa maji ya nguvu, mirija ya moshi inasuguliwa masizi, na ndani inamulikwa kwa taa kutafuta ufa mwembamba kama unywele. Hakuna abiria anayekata tiketi kutazama shughuli hiyo, na hakuna anayeirekodi, ingawa kwa maoni yangu hapo ndipo reli ya Furka hasa ilipo.

Na daraja? Kipande kimoja hushushwa na kukunjiwa chini ya mwenzake, vipande vinavutwa kwa winchi hadi kwenye kingo, na bonde linaachwa wazi, tupu kabisa, ili poromoko likija lipite bila kukuta cha kubeba. Masika ya kule yakifika, kikosi hupanda tena na mashine za kurushia theluji, na hapo ndipo hesabu ya kweli ya baridi inapofanywa: kokoto zilizosukumwa pembeni, mataruma yaliyoinuka, makalavati yaliyojaa mawe, ukuta wa kuzuia udongo uliofura tumbo. Makundi ya kujitolea huja kwa zamu, mengi kwa wiki moja moja, kutoka sehemu mbalimbali za Uswisi na kutoka Ujerumani jirani. Wenyewe kazi hiyo huiita Fronarbeit, neno la Kijerumani la kale ambalo kwetu tafsiri yake ingekuwa shokoa, ile kazi ya lazima aliyofanyiwa bwana wa ardhi bila malipo. Wanalitumia kwa utani, na utani wao una ukweli ndani yake, kwa sababu mtu aliyejiandikisha kwa hiari mwezi wa Januari akifika Mei na kukuta theluji imemzidi kimo, hiari hiyo inakuwa imebaki jina tu.

Sasa tuzipime hoja. Hoja dhaifu kuliko zote, ambayo hata hivyo hujitokeza kila mara, ni kwamba chama hicho kingejenga daraja la kudumu na kuendesha treni mwaka mzima, kikusanye fedha za watalii wa majira ya theluji na kuachana na kazi ya kukunja na kukunjua. Hoja hii inaliona daraja kuwa ndilo tatizo, wakati daraja ni jibu. Poromoko la theluji halipimwi kwa uzito wake peke yake, bali kwa uzito pamoja na kasi na mawe yaliyomo, na kitu kilichosimama imara mbele yake hupokea yote hayo kwa mpigo mmoja, kama daraja la mawe la mwanzo lilivyopokea. Njia pekee ya kupitisha treni hapo wakati wa baridi ni kuifunika reli au kuipitisha chini ya mlima, na hilo la pili Waswisi wamekwisha kulifanya, kwa gharama tuliyoiona. Tena hata kama daraja lingehimili, bado kungebaki kilomita nyingine za mteremko ulio wazi hadi kituo cha Furka, kwenye kimo cha zaidi ya mita 2,100, ambako theluji hulala hadi Juni. Anayetaka treni ya baridi kati ya Realp na Oberwald anayo tayari, akate tiketi.

Hoja nzito zaidi ni ile ya makaa ya mawe. Treni ya mvuke huchoma makaa na kutoa moshi katika bonde ambalo barafu yake inarudi nyuma mbele ya macho ya abiria. Barafu iliyoipa Glacier Express jina lake imepanda mlimani mbali na pale ilipokuwa mwaka 1926. Sioni namna ya kuikwepa hoja hii kwa uaminifu. Ninachoweza kusema ni kwamba treni chache za miezi mitatu si chanzo kikubwa cha moshi kulinganisha na magari yanayopanda njia hiyohiyo kiangazi, na kwamba pendekezo linalofuata mara nyingi, la kuviweka vichwa hivyo makumbusho vikiwa vimepakwa rangi na kuzungushiwa kamba, linapoteza kitu ambacho makumbusho hayawezi kukihifadhi. Kichwa kisichowashwa hakimfundishi mtu kusikiliza maji yanavyokaribia kupungua, wala jinsi ya kurusha makaa kwenye mwinuko wa zaidi ya sentimita kumi kwa kila mita. Historia ya vichwa vya Furka vyenyewe inatoa mfano. Baada ya umeme kufika, baadhi viliuzwa mwaka 1947 kwenda kutumika kwenye reli ya meno ya Da Lat nchini Vietnam, vikafanya kazi, vikaachwa porini, na mwaka 1990 vikarudishwa Uswisi kwa malori na meli pamoja na vingine vilivyokuwa vimeundwa kwa ajili ya Da Lat yenyewe. Vilivyorudi vilikuwa vyuma vyenye kutu. Vilivyotembea tena ni vile vilivyopata mikono yenye ujuzi, na mikono hiyo ilikuwapo kwa sababu reli ilikuwa ikitumika.

Hoja ya mhandisi wangu mstaafu ndiyo inayostahili muda mrefu zaidi, kwa sababu nusu yake ni kweli. Ni kweli kwamba watu wa kawaida waliichukua reli iliyohukumiwa kung'olewa na kuifanya itembee. Kinachopotea katika kuisimulia ni masharti yaliyowawezesha. Wengi wa wanaopanda Realp kwa wiki yao ya kazi wana pensheni au likizo yenye malipo. Miongoni mwao wamo mafundi, wahandisi na madereva waliofunzwa miaka mingi na mashirika ya reli, ya umma na ya binafsi, kwa gharama ambayo haionekani katika vitabu vya chama. Kazi isiyolipwa nayo si kazi ya bure. Mtu wa kujitolea hulazwa, hulishwa, hukatiwa bima, hupewa viatu na kofia, hufunzwa na kusimamiwa; mataruma na kokoto hununuliwa kwa bei ileile anayonunua kila mtu; na Ofisi ya Shirikisho ya Usafiri haimlegezei dereva masharti ya usalama kwa kuwa hapokei mshahara. Fedha hutoka kwenye tiketi, hisa, michango na urithi ulioachwa na wapenzi wa reli. Juu ya yote hayo kuna lile sharti kubwa: daraja likichelewa kukunjuliwa kwa wiki mbili, anayeumia ni mtalii aliyepanga safari, wala si mgonjwa anayepelekwa hospitali. Kwa jambo la namna hiyo kujitolea kunafaa kabisa. Kwa jambo la mgonjwa hakufai.

Uingereza, ambako harakati hizi zilianzia, inaonyesha upande wa pili. Reli ya Talyllyn huko Wales ilikuwa ya kwanza duniani kuendeshwa na watu wa kujitolea, mwaka 1951, na tangu hapo njia kadhaa zilizofungwa zimefuata mkondo huo. Baridi ya Uingereza haina maporomoko ya theluji ya Alps, kwa hiyo reli nyingi za kule huendesha treni hata wakati wa baridi. Desemba, pamoja na treni zake za Krismasi kwa watoto, imekuwa mwezi wa kutegemewa katika mapato yao. Ni uamuzi wa kibiashara unaoeleweka, lakini unaiingiza reli katika mashindano ambayo Furka imeyakataa. Mwishoni mwa Januari 2025 tuta la Reli ya Severn Valley karibu na Bridgnorth liliporomoka, na kwa miezi kadhaa stesheni hiyo ilibaki imekatwa na njia nyingine hadi tuta lilipojengwa upya katikati ya mwaka. Hapo hakukuwa na daraja la kukunja. Tuta la udongo lililojengwa zama za Malkia Victoria hunywa maji ya mvua kimyakimya hadi siku linapoachia, na kulijenga upya kunahitaji wakandarasi, mitambo na fedha nyingi ambazo chama cha wapenzi wa reli kinalazimika kuziomba kwa umma. Siwalaumu. Nasema tu kwamba kadiri reli ya kujitolea inavyotaka kufanana na reli ya huduma, ndivyo inavyodaiwa gharama za reli ya huduma.

Wasomaji wa Afrika Mashariki wanayo sababu ya kulichukua hili kwa uzito, kwani wazo la kuwaachia wapenzi wa reli vipande vya njia za zamani za mita moja husikika kila reli mpya inapofunguliwa. Kwa kichwa kimoja kilichopo makumbusho ya reli Nairobi, au kwa safari fupi ya Jumapili, wazo hilo ni zuri na ningelichangia. Kwa njia ya kaskazini mwa Tanzania hadi Arusha, ambako treni za abiria zilifika tena mwaka 2020 baada ya miongo ya ukimya, lisingefaa, na ndiyo maana iliyorudishwa ilirudishwa na shirika la umma kwa fedha za umma. Mvua zinapoisomba reli ya kati maeneo ya Kilosa, hakuna mwenye anasa ya kulikunja tuta na kungoja kiangazi. Kabla ya kuutaja mfano wa Uswisi, mtu aulize kwanza abiria wa kila siku atapita wapi siku ambayo watu wa kujitolea wameamua kupumzika. Uswisi walikuwa na jibu la kilomita 15.4.

Inabaki hofu mbili ambazo sifa za mitandaoni hazizigusi. Ya kwanza ni umri. Walioiokoa reli miaka ya 1980 wakiwa na nguvu zao leo ni wazee, na ujuzi wa kukunja daraja haukai kwenye karatasi. Kuna mpangilio wa kulegeza na kukaza ambao mtu huupata kwa kusimama karibu na aliyeufanya miaka 20. Ya pili ni mlima wenyewe. Kanuni nzima ya Furka inasimama juu ya imani kwamba baridi huja na kuondoka kwa zamu inayojulikana, na zamu hiyo inalegea. Mei 2025, katika jimbo la Valais ambamo Oberwald na Gletsch zimo, barafu na miamba viliporomoka na kukifunika kijiji cha Blatten ambacho wakazi wake walikuwa wamekwisha kuhamishwa. Tukio hilo lilitokea bonde jingine na halikuigusa Furka, lakini lilitokea katika mwezi uleule ambao vikosi vya kujitolea huwa vinaanza kupanda kusafisha njia. Daraja la Steffenbach liliundwa kukabiliana na theluji ya Januari. Kwa jiwe linaloanguka Julai, wakati daraja limekunjuliwa na treni iko njiani, mabwana wa mwaka 1925 hawakuacha winchi yoyote, na hapo ndipo kikosi cha Realp kitakapohitaji wanajiolojia, vipima mwendo wa miamba na fedha ambazo tiketi za miezi mitatu hazitazifikia.